Padre John Kaiser: shahidi kizimbani, shahidi chini ya migunga ya Morendat

MLETA MADA

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Mwezi uliopita nilikuwa katika matatu ya jioni kutoka Nakuru kwenda Nairobi, nimeketi mbele karibu na dereva, mtu wa makamo ambaye tangu tulipoondoka stendi hakuwa amefungua kinywa ila kumhimiza makanga. Tulipoikaribia njia panda ya Morendat, kabla ya kuingia Naivasha, alipunguza mwendo, akaondoa mkono mmoja kwenye usukani, akafanya ishara ya msalaba, kisha akakanyaga mafuta tena. Kijana aliyekuwa amebanwa kati yetu alimwuliza kama kuna ajali iliyotokea pale. "Hapo ndipo walipomtupa Padre Kaiser," dereva alijibu. Kijana akauliza, "Kaiser ndiye nani?"

Kwa kumkadiria, kijana yule hakuwa amezaliwa mwaka 2000, kwa hiyo sikumlaumu. Nilianza kumsimulia, lakini alishuka Naivasha kabla sijafika hata nusu. Uzi huu ni ile nusu iliyobaki, pamoja na jambo moja ambalo limenizunguka kichwani kwa miaka kadhaa kwa sababu nafundisha Kiswahili: kwamba lugha yetu ina neno moja, shahidi, kwa mtu anayesimama mahakamani kueleza alichokiona na kwa mtu aliyeuawa kwa ajili ya imani yake, na kwamba Padre Kaiser alikuwa shahidi wa maana ya kwanza mwaka mmoja na nusu kabla ya watu kumwita shahidi wa maana ya pili.

John Anthony Kaiser alizaliwa Novemba 29, 1932, huko Perham, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, akakulia shambani. Kabla ya upadre alipitia jeshini akawa askari wa miamvuli. Alijiunga na Wamisionari wa Mill Hill, shirika lililoanzia Uingereza na ambalo watu wa magharibi mwa Kenya wanalijua tangu enzi za babu zao, akapewa daraja ya upadre mwaka 1964, na mwishoni mwa mwaka huo huo akafika Kenya, nchi iliyokuwa ndiyo kwanza imetimiza mwaka mmoja wa uhuru. Karibu miaka thelathini aliitumia Ugusii. Huko alijenga makanisa na shule kwa mikono yake, alipanda pikipiki katika njia za matope, alijifunza Ekegusii, na alikuwa mwindaji hodari. Uwindaji nautaja kwa makusudi, maana bunduki yake itarejea katika masimulizi haya.

Mtu angeandika habari zake mwaka 1990 angeandika habari za mmisionari kama wamisionari wengine mia: mkaidi kidogo, mwenye nguvu za fahali, asiyependa siasa kuliko alivyopenda saruji na misumari. Kilichombadilisha ni ardhi ya Bonde la Ufa.

Wenye umri wangu mnakumbuka. Oktoba 1991 moto uliwashwa katika shamba la Meteitei, Tinderet. Desemba mwaka huo kifungu cha 2A cha Katiba, kilichokuwa kimeifanya KANU kuwa chama pekee, kikafutwa, na kadiri uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 1992 ulivyokaribia ndivyo nyumba za watu walioitwa "wageni" zilivyozidi kuchomwa. Kufikia mwaka 1993 shirika la Human Rights Watch lilikadiria kwamba watu wasiopungua 1,500 walikuwa wameuawa na wapatao 300,000 wamefukuzwa makwao. Serikali iliyaita mapigano ya kikabila, na jina hilo likashika, ingawa waliokuwa wakikimbia usiku na watoto mgongoni waliona kwamba wanaowashambulia walikuwa wamepangwa, na kwamba polisi walifika mara nyingi moshi ukiwa umekwisha tulia.

Oktoba 1993 zamu ikafika Enoosupukia, katika nyanda za juu za Narok. Wakikuyu waliokuwa wamenunua mashamba huko walifukuzwa, na maelezo yaliyotolewa ni kwamba eneo hilo ni chanzo cha maji na lazima lilindwe. Maelfu waliteremka hadi Maela, kituo kidogo cha biashara upande wa Naivasha, wakageuka wakimbizi katika nchi yao wenyewe. Kambi ya Maela ilikuwa na watu zaidi ya elfu kumi. Msifikirie mahema ya turubai yaliyopangwa safu kwa safu. Fikirieni vijiti vilivyopindwa na karatasi za plastiki zilizotandazwa juu yake, vibanda vya urefu wa kiuno ambavyo mtu mzima huingia kwa kutambaa, na mvua inaponyesha maji hupita katikati ya mahali pa kulala.

Kaiser alikuwa amehamia Jimbo la Ngong, na mwaka 1994 Askofu Colin Davies alimtuma Maela kuwahudumia watu hao. Nadhani hapa ndipo maisha yake yalipokatika vipande viwili. Alikwenda kusomesha misa na kuzika watoto. Akakaa nao, akaandika majina, akauliza nani alikuwa na shamba wapi na nani alimfukuza. Kisha, Desemba 24, 1994, maofisa wa serikali walifika na malori gizani, wakavunja kambi, na watu wapatao elfu mbili wakapakiwa na kumwagwa Mkoa wa Kati, wengine katika uwanja wa Kirigiti kule Kiambu, siku ya mkesha wa Krismasi, bila chakula wala maelezo. Padre alipinga, akaburutwa na polisi na kuondolewa kambini kwa nguvu. Alikuwa na miaka sitini na miwili.

Baada ya hapo alipelekwa Lolgorien, Trans Mara, mbali na barabara kuu na mbali na waandishi wa habari. Kama kuna aliyedhani umbali ungemnyamazisha, hakumjua. Miaka hiyo ya Lolgorien ndiyo aliyoandika kumbukumbu zake za Maela na za unyang'anyi wa ardhi, ambazo zilichapishwa baada ya kufa kwake kwa jina If I Die, yaani "Nikifa".

Mwaka 1998 Rais Moi aliunda tume chini ya Jaji Akilano Akiwumi kuchunguza mapigano yale. Wengi walikwenda mbele ya tume hiyo wakasema mambo kwa mafumbo, kama ambavyo Mkenya wa wakati ule alivyojua kusema: "watu fulani", "wakubwa", "wenye uwezo". Februari 1999 Kaiser akapanda kizimbani. Aliapa, akaeleza alichokiona Maela, akawataja kwa majina mawaziri waliokuwa madarakani, akiwamo William ole Ntimama, na akasema kwamba dhamana ya yote yaliyotokea inaishia kwa Rais mwenyewe. Waliokuwapo wanajua uzito wa jambo hilo. Wakati ule watu walikuwa wakiangalia nyuma ya bega kabla ya kulitaja jina la Rais hata ndani ya matatu.

Kuanzia siku hiyo hesabu ilibadilika. Novemba 1999 aliarifiwa kuwa kibali chake cha kufanya kazi nchini hakitaongezwa, na ni baada ya maaskofu kupiga kelele na ubalozi wa Marekani kuingilia kati ndipo kibali kilipotolewa. Mwaka 2000 Chama cha Mawakili cha Kenya kilimpa tuzo ya haki za binadamu. Wakati huo huo aliwasaidia wasichana wa huko Trans Mara waliodai kudhulumiwa kimwili na waziri mmoja wafike kwa mawakili wanawake wa FIDA. Waziri huyo alikana, na shauri hilo liliondolewa mahakamani baada ya padre kufa.

Alijua anakokwenda. Katika maandishi yake kuna maneno ambayo kila ninapoyasoma hunisimamisha nywele: kwamba akitoweka, kwa kuwa msitu ni mkubwa na fisi ni wengi, watu wote wajue kuwa yeye hapangi kupata ajali wala, Mungu apishe mbali, kujiangamiza mwenyewe, na kwamba anamtegemea malaika wake mlinzi.

Alfajiri ya Alhamisi, Agosti 24, 2000, mwili wake ulikutwa karibu na njia panda ya Morendat, chini ya migunga miwili, kichwa kimepasuliwa kwa risasi. Bunduki yake mwenyewe ya marisau ilikuwa karibu naye. Gari lake lilikuwa limeingia mtaroni hatua chache kutoka hapo.

Naomba nipumue kidogo. Nitarudi kuendelea na habari za uchunguzi.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Ndugu mleta mada, asante kwa maandishi yaliyotulia. Hata hivyo nakuomba usituvushe haraka pale penye kina. Wapelelezi wa FBI walikuja kutoka Marekani, nchi ya marehemu, wala hawakuwa na deni kwa Rais Moi, na walihitimisha kwamba padre alijiua. Walionyesha kwamba aliwahi kutibiwa ugonjwa wa akili, na kwamba siku zake za mwisho alikuwa hana utulivu. Je, si kweli kwamba tunamwita shahidi kwa sababu tunapenda hadithi ya shahidi kuliko hadithi ya mzee mgonjwa aliyelemewa? Nauliza kwa heshima, nami ni Mkatoliki.

MLETA MADA

Swali lako ni la haki, na yeyote anayemheshimu Kaiser anapaswa kulikabili. Ripoti ya FBI ilitoka Aprili 2001, na ni kweli ilisema kifo kile kinaelekea zaidi kuwa cha kujiua. Ni kweli pia kwamba aliwahi kutibiwa kwa maradhi ya huzuni na msisimko uliopita kiasi, na waliomwona wiki ile ya mwisho walishuhudia kwamba alikuwa na hofu, hapati usingizi, na anazungumza kama mtu anayefuatwa. Sioni sababu ya kuyaficha hayo. Lakini nakuomba uliangalie neno hilo, "kama mtu anayefuatwa". Mtu aliyeponea chupuchupu kufukuzwa nchini, aliyewataja wakubwa kwa majina, aliye na kesi ya waziri mikononi, akionyesha dalili za kufuatwa, daktari anaweza kuandika maradhi, na mkulima wa Maela akasema mzee ana macho.

Halafu kuna kumbukumbu ya Wakenya wenyewe, ambayo mpelelezi aliyeshuka kwa ndege hawezi kuwa nayo. Februari 1990 mwili wa Waziri wa Mambo ya Nje, Robert Ouko, ulikutwa Got Alila ukiwa umepigwa risasi na kuchomwa, na kuna waliojaribu kutuambia kwamba alijiua. Agosti mwaka huo huo Askofu Alexander Muge wa Kanisa la Anglikana alikufa katika ajali ya barabarani siku chache tu baada ya waziri mmoja kumwonya hadharani kwamba akikanyaga Busia hatarudi hai. Watu waliopitia miaka hiyo, ukiwaambia kuwa padre aliyekuwa akimkera Rais amejipiga risasi kichwani kando ya barabara, hawatauliza karatasi za hospitali kwanza.

Najua kutoamini si ushahidi. Kwa hiyo twende mahakamani. Serikali ya Rais Kibaki ilipoingia, uchunguzi wa wazi wa kifo hicho ulifunguliwa mwaka 2003 mbele ya Hakimu Maureen Odero, ukaenda miaka minne. Daktari aliyeupasua mwili alieleza kwamba jeraha halikumwonyesha mtu aliyejipiga mwenyewe. Agosti 1, 2007, hakimu alisoma uamuzi wake: Padre Kaiser aliuawa, nadharia ya kujiua haisimami, na aliilaumu kazi ya FBI kwa kuanza na wazo ambalo tayari lilikuwa kichwani mwao. Alisema pia kwamba ushahidi uliofikishwa mbele yake haukutosha kumtaja muuaji, na akataka upelelezi uendelee.

Hapo ndipo suala lilipo hadi leo. Sheria ya Kenya inasema aliuawa. Muuaji hana jina.

MCHANGIAJI WA PILI

Natoka Trans Mara, na nitasema neno ambalo huenda halitawapendeza. Kila mara hadithi ya Kaiser inaposimuliwa, Mmaasai huonekana ndani yake akiwa ameshika rungu na kiberiti. Hakuna anayeanza na mwaka 1904 na mwaka 1911, mikataba ambayo Waingereza waliitumia kuwahamisha wazee wetu kutoka nyanda za malisho bora na kuwasukuma kusini. Sisi pia tulifukuzwa, na hakuna tume iliyotusikiliza. Padre alikuwa mtu mwema, nilipokuwa mdogo nilimwona. Lakini tafadhali msimgeuze kuwa wakili wa kabila moja dhidi ya jingine.

MLETA MADA

Ndugu wa Trans Mara, umenikosoa vizuri, na nakiri kwamba masimulizi yangu ya Enoosupukia yaliruka hatua hiyo. Dhuluma ya 1904 na 1911 ni ya kweli, na sehemu ya hasira iliyotumiwa na wanasiasa wa miaka ya tisini ilikuwa na mizizi humo. Waliotia kiberiti hawakuibuni hasira, waliikuta.

Ila nakuomba uniruhusu nikutumie wewe mwenyewe kama hoja. Umesema ulimwona ulipokuwa mdogo. Ulimwona Lolgorien, miongoni mwa watu wako, si Kiambu wala Nyeri. Baada ya Maela angeweza kuomba arudi kwao Minnesota akafuge ng'ombe, au akae Nairobi awe msemaji wa waliofukuzwa. Alikubali kwenda kuishi na Wamaasai, akawabatiza, akawasomesha, akalala katika nyumba ya parokia yao miaka mitano, na ndiko alikozikwa. Wasichana ambao kesi yao ilimtia hatarini mwishoni walikuwa mabinti wa huko huko. Alichokuwa akikipinga ni mkubwa anayewatumia maskini wa kabila moja kuwafukuza maskini wa kabila jingine, kisha hati miliki ikaandikwa jina la mkubwa. Katika mpango huo Mmaasai wa kawaida hakupata ekari hata moja ya Enoosupukia.

MCHANGIAJI WA TATU

Nawasalimu kutoka Songea. Mimi ni katekista, na nimefuatilia uzi huu kwa makini. Kwetu Tanzania tunapendelea kusema mfiadini ili tusichanganye na shahidi wa mahakamani, ingawa Mashahidi wa Uganda tunawaita hivyo hivyo kama ninyi. Sasa nina mashaka mawili. La kwanza, Kanisa halijamtangaza Padre Kaiser kuwa mfiadini, wala mwenye heri. Je, ni halali sisi kulitumia neno hilo? La pili ni zito zaidi: ili mtu awe mfiadini sharti aliyemuua awe amefanya hivyo kwa chuki dhidi ya imani. Kaiser aliuawa kwa sababu ya ardhi na siasa. Hakuna aliyemwambia aikane Injili.

MLETA MADA

Mwalimu, hapa umenifikisha pale hasa nilipotaka kufika, na nitachukua nafasi kidogo.

Kuhusu shaka la kwanza, uko sahihi, na ni vema isemwe wazi: neno shahidi kwa Padre Kaiser ni la watu, bado si la Kanisa. Katika mazishi, balozi wa Papa wakati huo, Askofu Mkuu Giovanni Tonucci, alisema bila kuzunguka kwamba padre ameuawa, na waumini wengi wakaondoka pale wakijua neno la kumwita, lakini mahubiri ya mazishi hayageuki kuwa hati ya Roma. Kwa taratibu zilizopo, mchakato kama huo huanzishwa na askofu wa mahali marehemu alipofia, angalau miaka mitano ikiwa imepita. Naivasha ni Jimbo la Nakuru. Padre alikuwa wa Jimbo la Ngong. Miaka yake mingi ya upadre aliitumia Kisii. Nadhani wenzetu mnaofahamu mambo ya ofisi za kanisa mnaona kwamba mtu wa majimbo matatu ana hatari ya kuwa mtoto wa baba watatu, ambaye kila mmoja anangoja mwenzake amlipie karo.

Kuhusu la pili, swali hilo hilo liliulizwa juu ya Askofu Mkuu Óscar Romero wa San Salvador, aliyepigwa risasi altareni Machi 24, 1980. Waliompiga walikuwa Wakatoliki waliobatizwa, na kwa miaka mingi kulikuwa na waliosema kwamba hiyo ilikuwa siasa tu. Februari 2015 Papa Fransisko aliidhinisha kwamba Romero aliuawa kwa chuki dhidi ya imani, na Oktoba 2018 akamtangaza mtakatifu. Hoja iliyoshinda ni kwamba anayeichukia haki ambayo padre anaihubiri kwa sababu ya Injili, ameichukia Injili yenyewe, hata kama Jumapili anakaa kiti cha mbele kanisani.

Karibu nasi zaidi, angalieni Uvira. Novemba 28, 1964, Padre Albert Joubert na Wamisionari Waksaveri watatu, Luigi Carrara, Giovanni Didonè na Vittorio Faccin, waliuawa huko Baraka na Fizi wakati wa uasi wa mashariki mwa Kongo, na Agosti 18, 2024, miaka sitini baadaye, wakatangazwa wenye heri palepale Uvira. Kaiser aliingia Kenya wiki chache tu baada ya wale wanne kufa. Hakuna uhusiano kati ya matukio hayo mawili zaidi ya kalenda, ila huwa nawaza kwamba habari za Kongo lazima zilikuwa mezani mwa kila nyumba ya mapadre aliyofikia mwezi ule wa kwanza.

Sasa nirudi kwenye neno. Mwalimu, nalipenda neno mfiadini kwa usahihi wake, lakini kwa Kaiser naliona linabana. Linatazama namna mtu alivyokufa, na kwa hiyo linatulazimisha tubishane juu ya kilichokuwamo moyoni mwa muuaji, mtu ambaye hata jina lake hatuna. Neno shahidi linamtazama aliyekufa. Linauliza alikiona nini, alikisema wapi, na alikisema mbele ya nani. Maswali hayo matatu Kaiser ana majibu yake yote, na yamo katika kumbukumbu rasmi za tume ya serikali. Katika Matendo ya Mitume Yesu anawaambia wanafunzi, "nanyi mtakuwa mashahidi wangu", na wasomaji wa Kiswahili hatuhitaji mhubiri atufafanulie kwamba kazi hiyo inaanzia katika kusema. Padre alifanya kazi hiyo Februari 1999. Morendat ilikuwa malipo.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Nimekubali sehemu kubwa ya hoja yako juu ya FBI, ingawa bado sijakubali yote. Lakini mtu tunayemwita shahidi tunatarajia aache urithi, na urithi ndio sijauona. Ushahidi wake ulizaa nini?

MLETA MADA

Swali hili ndilo gumu kuliko yote, na sitalipamba.

Ripoti ya Akiwumi ilikamilika mwaka 1999 ikafungiwa kabatini hadi mwaka 2002, ndipo ikachapishwa. Iliwataja watu na kupendekeza wachunguzwe. Hakuna mkubwa aliyefungwa. Uamuzi wa Hakimu Odero ulisomwa Agosti 2007, na mnakumbuka miezi mitano iliyofuata ilituletea nini. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, na miongoni mwa miji iliyoungua vibaya ni Naivasha, mwendo mfupi sana kutoka ile migunga miwili. Maneno yaliyotumika kuwafukuza watu, "wageni" na "madoadoa", yalikuwa yale yale aliyoyasikia Kaiser kutoka kwa wakimbizi wa Maela mwaka 1994. Yaani ushahidi ulitolewa, ukaandikwa, ukatiwa muhuri, na nchi ikafanya kana kwamba haikusikia.

Kwa hiyo ukiniuliza urithi wa matokeo, sina cha kukuonyesha. Kuna urithi mwingine mdogo ambao naweza kuapa juu yake. Kabla ya yeye kupanda kizimbani, raia wa kawaida wa Bonde la Ufa hakuwa na mfano wa mtu aliyelisema jina la Rais mbele ya jaji kuhusu damu ya maskini na mkono ukiwa juu ya Biblia. Baada ya hapo mfano ulikuwapo, na waliokuja baadaye mbele ya tume nyingine, mama waliochomewa nyumba na wazee waliopoteza wana, hawakusema tena "watu fulani". Soma kumbukumbu za tume za baadaye uone. Sidai kwamba Kaiser ndiye aliyewafundisha wote. Nasema alitangulia.

Pia kuna yale maandishi yake. Niliyasoma mara ya kwanza kwa nakala ya kuazima, kurasa zimekunjwa pembe na mtu aliyenitangulia amepigia mistari majina ya mashamba, si sala. Nilijiuliza huyo msomaji ni nani. Nadhani ni mtu aliyekuwa akilitafuta shamba la baba yake.

MCHANGIAJI WA NNE

Mimi ndiye kijana wa aina uliyemtaja, nimezaliwa mwaka 2003, na jina hili nimelisikia leo kwa mara ya kwanza. Wiki ijayo nasafiri kwenda Eldoret. Nitapajuaje mahali penyewe?

MLETA MADA

Karibu sana, mwanangu. Ukitoka Nairobi, pita Naivasha uendelee kuelekea Gilgil. Baada ya kuuacha mji nyuma mwombe dereva akuonyeshe njia panda ya Morendat, na ukipata dereva mwenye umri wa miaka hamsini na kitu hatakuuliza unamtafuta nani. Kuna kumbukumbu iliyojengwa hapo kando ya barabara, na kila Agosti 24 watu hukusanyika kwa misa. Kaa upande wa dirisha. Magari hupita pale kwa kasi, na ukiinama kutazama simu utakuwa umeshapitwa.